Fizi Zinazotoa Damu na Saratani Inayohama

Ndugu wahudumu wa afya ya jamii, wauguzi, wazee wetu na vijana mliofika, asalaam aleikum na habari za asubuhi.

Mtu akiambiwa ana saratani ya kinywa, nyumbani kwao swali la kwanza huwa: imetoka wapi? Ni swali la haki. Kwa daktari atakayemfanyia upasuaji, lililo zito zaidi ni: imefika wapi? Saratani ya ulimi iliyochimba milimita 3 tu bado inaweza kukatwa ikaisha. Ileile ikishateremka kwenye tezi za shingo, nafasi ya mgonjwa kupona hupungua kwa karibu nusu. Asubuhi hii tunazungumzia huko kuteremka, na bakteria wa fizi ambao utafiti wa miaka ya karibuni umewakuta wakiisaidia saratani njiani.

Mwaka 2020 watu takriban 378,000 duniani waligunduliwa kuwa na saratani ya midomo na kinywa, na karibu 178,000 walifariki. Zaidi ya asilimia 90 ya saratani hizi huanzia kwenye seli bapa, zile zinazotandika ulimi, mashavu kwa ndani, fizi na sakafu ya mdomo.

Tuliweke jambo moja wazi kabla hatujasonga. Chanzo kikuu cha saratani ya kinywa si bakteria. Ni tumbaku ya kuvuta, ugoro na kuberi, pombe, na tambuu. Hapa pwani tambuu ni ya heshima, huwekwa mbele ya mgeni na haikosekani harusini, na ndiyo maana inatupasa kuisema bila kuuma maneno. Wengi wanadhani ubaya wake ni tumbaku inayotiwa ndani. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, katika tathmini iliyochapishwa mwaka 2004, liliiweka popoo yenyewe, ile kokwa inayotafunwa ndani ya tambuu, hata bila tumbaku, katika kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Popoo pia hukakamaza mashavu kwa ndani, mpaka mtu anashindwa kufungua mdomo upana wa vidole vitatu. Huyo tayari yuko katika hatari kubwa.

Basi bakteria wanaingia wapi?

Wanaingia mapema, jikoni hasa, kabla saratani haijaiva. Katika mate kuna bakteria wapatao milioni 100 kwa kila mililita moja, na aina zaidi ya 700 zimewahi kutambuliwa vinywani mwa watu. Wengi hawana neno, na baadhi ni walinzi wetu. Lakini mtu anapokunywa pombe, baadhi yao, wakiwamo jamii ya Neisseria, huibadilisha ileile pombe kuwa asetaldehaidi, sumu inayoharibu vinasaba vya seli, humohumo mdomoni kabla ini halijaiona. Kinywa kichafu hutengeneza asetaldehaidi nyingi zaidi kuliko kisafi, kwa kiasi kilekile cha pombe. Kwa anayebwia tumbaku, bakteria hubadilisha naitreti kuwa naitriti, na naitriti ikikutana na kemikali za tumbaku huzaa naitrosamini, ambazo ni miongoni mwa sumu kali za tumbaku.

Huo ni upande wa kuanza. Upande wa kuenea una wahusika wake, na watatu wamechunguzwa kuliko wengine: Porphyromonas gingivalis, Treponema denticola na Fusobacterium nucleatum. Wote watatu hawapendi oksijeni. Wanaishi chini kabisa ya ufizi, katika ule mfuko unaojitokeza pale ufizi unapoachana na jino. Hawa ndio wanaoozesha fizi za watu wazima, zikatoa damu, zikarudi nyuma, meno yakaanza kucheza. Kwa hiyo tunaposema bakteria wa saratani hatusemi mdudu mgeni aliyetoka mbali. Ni walewale wa fizi zinazotoa damu asubuhi mtu akipiga mswaki.

Ili saratani ihame, seli yake haina budi kufanya mambo matatu: kujibandua kutoka kwa wenzake, kutoboa ukuta ulio chini yake, na kuwakwepa askari wa kinga njiani. Bakteria hawa wana la kufanya katika kila hatua.

Seli za ngozi laini ya mdomo zimeshikana kama matofali ya ukuta, na moja ya protini zinazozishikanisha inaitwa kadherini. Fusobacterium ana nanga yake, protini iitwayo FadA, ambayo hunata moja kwa moja kwenye kadherini. Hili lilionyeshwa vizuri mwaka 2013 katika seli za saratani ya utumbo mpana. Akinata hapo, huamsha ndani ya seli ishara zinazoiambia igawanyike. Porphyromonas naye huziamsha protini zinazoifanya seli iache umbo lake la tofali na kuwa ndefu, yenye kutambaa. Seli ya namna hiyo haikai mahali pake tena.

Kisha ukuta. Chini ya seli za juu kuna utando mgumu wenye kolajeni, na ndio unaotenganisha ngozi ya mdomo na mishipa ya damu na ya limfu. Mwili una vimeng'enya vya kuukata utando huo, mfano MMP-9, kwa sababu kila kidonda kinapopona sharti pawe na kukata na kujenga. Lakini vimeng'enya hivi hutolewa vikiwa vimefungwa, kama panga ndani ya ala. Porphyromonas hutoa vimeng'enya vyake viitwavyo jinjipaini, navyo huichomoa MMP-9 kwenye ala. Maabara zimeonyesha seli za saratani ya kinywa zikipenya zaidi zinapokaa na bakteria huyu, na zikipunguza kasi pale jinjipaini zinapozuiwa. Treponema ana kimeng'enya chake pia kinachofanya kazi ya aina hiyo, na watafiti wa Helsinki wamekikuta ndani ya vipande vya uvimbe wenyewe.

Hatua ya tatu ndiyo inayotusumbua zaidi. Ndani ya damu zipo seli za kinga zenye kazi moja tu ya kuua seli zilizoharibika. Mwaka 2015 ilionyeshwa kwamba Fusobacterium ana protini nyingine, Fap2, inayoshika kizuizi kilicho juu ya seli hizo za kuua, kizuizi kiitwacho TIGIT, na kuzilaza. Seli ya saratani iliyobeba bakteria huyu basi inapita kama mtu aliyetembea na mlinzi wake. Mwaka 2022 watafiti wa Seattle, Marekani, walipima vipande vya saratani ya kinywa na ya utumbo sehemu kwa sehemu, badala ya kuvisaga pamoja kama ilivyozoeleka. Wakakuta bakteria hawajatapakaa ovyo. Wamekaa kwa vikundi, na palipo na kikundi, seli za kinga aina ya T ni chache. Katika majaribio yao, seli za saratani zilizoingiwa na bakteria ziliachana na kundi na kutambaa moja moja. Picha hiyo inafanana sana na mwanzo wa kuhama.

Mwaka 2020 kundi la Chuo Kikuu cha California, San Francisco, liliwaunganisha hawa watatu katika kazi moja. Lilionyesha kwamba kila mmoja wao huiamsha seli ya saratani kupitia vipokezi ambavyo kwa kawaida hutambua vijidudu, na ishara ile huishia kwenye integrini, yaani miguu ambayo seli hushikia na kutambalia. Katika panya, saratani zilizokutana na bakteria hawa zilikuwa kali zaidi. Kisha wakatumia nisini, protini ndogo inayotengenezwa na bakteria wa maziwa, Lactococcus lactis, na inayotumika viwandani kuhifadhi jibini. Nisini ilipunguza ukali ule.

Hapa tunawaomba msikilize kwa makini, maana habari kama hii hufika kijijini ikiwa imegeuka. Hakuna aliyesema mtindi au jibini hutibu saratani. Nisini iliyotumika ilikuwa ya kipimo cha maabara, na tena nisini inayomezwa na chakula huvunjwavunjwa na vimeng'enya vya utumbo kama protini nyingine yoyote. Ni njia inayofaa kufuatiliwa, na kwa sasa mahali pake ni kwenye utafiti.

Na upo upande wa pili, ambao mtaalamu mwaminifu hawezi kuuficha. Uvimbe wa saratani ukikua, katikati yake hukosa damu na oksijeni, hufa na kuoza. Hapo ni peponi kwa bakteria wasiopenda oksijeni. Kwa hiyo kuwakuta ndani ya uvimbe peke yake hakuthibitishi kwamba ndio walioukuza. Wanaweza kuwa wapangaji waliohamia nyumba ikiwa imeshabomoka. Zaidi ya hilo, mwaka 2024 watafiti wa London walitoa matokeo yaliyowashangaza hata wao: katika saratani za kichwa na shingo, wagonjwa wenye Fusobacterium kwenye uvimbe waliishi muda mrefu zaidi, na bakteria huyo aliua seli za saratani ndani ya chombo cha maabara. Mdudu yuleyule, matokeo yanayopingana. Huenda ni suala la aina yake ndogo, mahali saratani ilipo, au hatua iliyofikia. Kwa maoni yetu, ushahidi dhidi ya Porphyromonas katika kupenya ni mzito, na ule wa Fusobacterium bado unapimwa.

Mkanganyiko huu una maana kubwa dukani kwenu, hasa duka la dawa. Mtu akisikia bakteria husaidia saratani, wazo la kwanza ni kununua amoksilini na metronidazo, ile tunayoiita flajili. Tunawasihi msifanye hivyo. Bakteria wa fizi wanaishi ndani ya utando wa ukoga, na dawa ya kumeza haiingii humo vizuri. Wanaokufa kirahisi ni walinzi, na waliobaki hujifunza usugu. Lakini hatari kubwa ni nyingine. Metronidazo huua bakteria wasiopenda oksijeni, na hao ndio wanaotoa harufu ya kidonda cha saratani. Mgonjwa mwenye kidonda ulimini akimeza siku 5 au 7, harufu hupungua, na pengine maumivu pia. Anafurahi, anasema dawa imeshika. Chini yake saratani inaendelea kuchimba. Baada ya wiki tatu harufu inarudi, ananunua dozi nyingine. Miezi minne hupotea hivyo, na anapofika hospitali tezi ya shingo imeshakuwa ngumu kama kokwa. Ninyi mnaouza dawa, akija mtu wa namna hii, taa ya simu na swali moja, kidonda kina siku ngapi, ni msaada kuliko dozi yoyote iliyo kwenye rafu.

Sasa fizi zenyewe. Ukoga laini huanza kujijenga saa chache tu baada ya kupiga mswaki. Usipoondolewa, ndani ya siku kadhaa hadi wiki mbili hushika madini na kuwa mgumu kama jiwe, na jiwe hilo halitoki kwa mswaki hata mtu akisugua mpaka atoke damu. Ufizi mzima una kina cha milimita 1 hadi 3 pembeni ya jino. Ukifika 4 na kuendelea, ule ni mfuko, na mswaki hauufikii. Hapo inahitajika kazi ya kiti: daktari au tabibu wa meno akwangue jiwe juu na chini ya ufizi, kisha apime tena baada ya wiki 8 hadi 12. Msiiite anasa. Na wavutaji sigara wasijidanganye kwamba fizi zao hazitoi damu. Sigara hubana mishipa midogo, damu haitoki, ugonjwa unaendelea kimyakimya.

Kwa kila siku, mswaki mara mbili, dakika 2 kila mara, na ule wa usiku usikose. Brashi iwe laini. Ielekezwe pembe ya kama digrii 45 pale jino linapokutana na ufizi, isogezwe kidogo kidogo. Kusukuma kwa nguvu mbele na nyuma huchimba mashina ya meno. Dawa ya meno yenye floridi ya ppm 1,000 hadi 1,500, kiasi cha punje ya njegere, halafu tema bila kusukutua kwa maji mengi, floridi ibaki ikifanya kazi. Katikati ya meno pitisha uzi au brashi ndogo, maana huko ndiko bakteria wetu watatu hupenda kujificha. Anayetumia mswaki wa mti anaweza kufanya kazi nzuri, ila autafune ncha kama sentimita moja mpaka uwe nyuzi, akate nyuzi zilizotumika na kuanza mpya kila siku, na asisahau upande wa ulimi na meno ya nyuma, ambako mkono huwa mvivu. Meno ya bandia yatolewe usiku, yasuguliwe. Jino lililovunjika lenye ncha kali likwanguliwe au ling'olewe, lisikae likikwaruza ulimi mahali palepale mwaka hadi mwaka.

Dawa ya kusukutua ya klorheksidini asilimia 0.2 ina wakati wake: mililita 10, dakika 1, asubuhi na usiku, isizidi wiki mbili bila ushauri kwa sababu hutia meno madoa na kuharibu ladha. Isitumike mara tu baada ya dawa ya meno. Povu la dawa ya meno huidhoofisha, basi ngoja nusu saa.

Mara moja kwa mwezi jiangalie. Simama penye mwanga, mikono safi, toa meno ya bandia. Vuta mdomo wa juu na wa chini uone ndani. Vuta kila shavu. Toa ulimi, ushike ncha kwa kitambaa kikavu, uuvute kulia kisha kushoto, kwani pembeni mwa ulimi na chini yake ndiko saratani hupenda kuanzia. Inua ulimi uguse kaakaa, tazama sakafu ya mdomo, kisha ipapase kwa kidole. Malizia kwa shingo, kuanzia chini ya taya hadi juu ya mfupa wa bega, pande zote mbili. Unatafuta kidonda kilichozidi wiki mbili, doa jeupe lisilofutika, doa jekundu la mahameli ambalo ni la hatari kuliko jeupe, pengo la jino lililong'olewa likakataa kufunga, jino moja linalocheza bila sababu, ganzi ya mdomo wa chini, au tezi ngumu isiyouma. Kutouma kusiwape moyo. Saratani changa mara nyingi haiumi.

Njia ya kuthibitisha ni moja: kukata kipande na kukipima kwa hadubini. Wapo wanaoamini kwamba kukata kipande ndiko kunakoisambaza saratani. Kinachoisambaza ni miezi ya kusubiri. Mwaka 2015 hospitali ya Tata Memorial ya Mumbai ilitoa matokeo ya wagonjwa 500 wa saratani changa ya kinywa. Waliotolewa tezi za shingo mapema, pamoja na uvimbe, asilimia 80 walikuwa hai baada ya miaka mitatu. Waliosubiriwa mpaka tezi zijitokeze walikuwa asilimia 67.5. Tofauti hiyo yote ni saratani iliyokwishahama bila kuonekana.

Kwa aliyekwisha kugunduliwa na anatarajia mionzi, huko Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, au kwingine, aone daktari wa meno kabla. Meno yasiyookoka yang'olewe angalau wiki mbili, vizuri zaidi tatu, kabla ya mionzi kuanza, ili mashimo yafunge. Jino likija kung'olewa taya ikiwa imeshapigwa mionzi, mfupa unaweza kushindwa kupona na kuoza. Wakati wa mionzi, mdomo ukichubuka, chukua lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa, tia kijiko 1 cha chai cha chumvi na kijiko 1 cha chai cha bekin soda. Si bekin pauda wala hamira. Sukutua mara kwa mara mchana kutwa, uteme, na utengeneze mapya kila siku. Dawa za kusukutua zenye alikoholi ziachwe, zinaunguza.

Na ninyi wahudumu mnaoandika rufaa, karatasi iliyoandikwa "kidonda mdomoni" humrudisha mgonjwa nyuma ya foleni. Andikeni mahali kilipo, urefu wake kwa milimita, kina siku ngapi, kingo ni ngumu au laini, tezi ipo au haipo na upande gani. Andikeni kama anavuta, anabwia, anakula tambuu au anakunywa, na kwa miaka mingapi. Andikeni hali ya fizi. Mwisho kabisa, orodhesheni kila antibiotiki aliyomeza na tarehe zake, ili anayempokea ajue ni muda gani kidonda kimefichwa harufu yake.

Tuna nusu saa ya maswali. Mwenye kidonda kilichozidi wiki mbili asingoje maswali yaishe, apite upande huu tumtazame sasa hivi.